Mandari ya Mahameni

Chungu cha pilau kilikuwa kimefunikwa kwa sinia, na juu ya sinia Bi Mwatumu alikuwa ameweka jiwe la tumbawe ili upepo wa bahari usikifunue. Jiwe lilikuwa palepale, na sinia palepale. Lakini Mwamvua alipokifunua ili apakue, aliona katikati ya wali shimo la tonge moja, limechotwa vizuri kwa vidole vitatu, kama anavyochota mtu aliyelelewa akafunzwa adabu ya kula sahani moja na wenzake.

"Nani kaonja?" aliuliza.

Hakuna aliyeonja. Mumewe Hatibu alikuwa amelala kifudifudi kando ya lori, akimbembeleza mbwa atoke uvunguni. Uweso, mdogo wake Hatibu na utingo wake kazini, alikuwa anapanda kutoka ufukoni na suruali imelowa hadi magotini. Bi Mwatumu, mama wa wote wawili, hakuwa ameondoka mkekani tangu wafike.

"Atakuwa huyo najisi wenu," akasema Bi Mwatumu.

"Mama, Karafuu hajatoka chini ya gari."

"Basi paka wa mwituni."

"Paka huyo kala, akafunika, akarudisha na jiwe?"

Bi Mwatumu alichukua mwiko, akachota wali wote uliozunguka lile shimo, akautupa vichakani huku midomo yake ikienda mbio kwa dua. Kisha akasema, "Pakua, mwanangu. Leo Idi, tusitafute maneno."

Ilikuwa Idi pili, mwaka ule mkonge ulipopanda bei hata vibarua wa mashambani wakaonekana mjini Ngamiani wamevaa viatu vipya. Hatibu alikuwa dereva wa lori katika shamba moja upande wa Maramba, na tajiri wake alimwachia gari kila sikukuu. Kwa hiyo kila Idi watu wa nyumba hiyo walikwenda mandari: mwaka huu Raskazoni, mwaka ule Sahare, safari moja hata Tongoni. Safari hii Uweso ndiye aliyewaleta huku, mbali, nje ya barabara ya Horohoro, mahali palipoitwa Mahameni kwa kuwa zamani palikuwa na mji na watu wake wakauhama. Kuta za mawe zilizobaki hazikufika kiunoni, isipokuwa nyumba moja iliyosimama bado na mlango wake bila paa. Kulikuwa na kivuli, upepo, na mchanga mweupe ambao haukuwa na nyayo hata moja. Mwamvua alipapenda. Baadaye ndipo alipojiuliza kwa nini mahali pazuri namna ile hapakuwa na nyayo za mtu.

Mbwa aliyejificha chini ya lori alikuwa na rangi ya karafuu iliyoanikwa ikakauka, ndiyo maana wakamwita hivyo. Hatibu alimkuta huko shambani amefungwa kwa kamba ya katani kwenye kisiki, mwenyewe hajulikani, kamba imeingia shingoni mpaka nyama ikaota juu yake. Aliikata kwa wembe, uzi kwa uzi, akamleta Ngamiani ndani ya gunia. Bi Mwatumu alipiga kelele siku ile hata majirani wakatoka: malaika watapita wapi katika nyumba yenye mbwa? Hatibu akamjengea kibanda nje ya ua, akanawa kwa mchanga kama inavyotakiwa, akasema mlinzi si haramu, basi. Mbwa mwenyewe hakuwa mlinzi wa chochote. Aliogopa ufagio, aliogopa mfuniko ukianguka, aliogopa kanzu zilizoanikwa zikipepea. Mtu mmoja tu ndiye ambaye hakumwogopa, naye ni Hatibu.

Na hilo, Mwamvua hakupenda kulisema, lilikuwa likimchoma. Hatibu hakuwa mtu mbaya, hakumpiga, hakumnyima. Lakini alirudi kutoka safari amechoka, akala, akalala, na maneno yake kwa siku nzima yangeweza kufungwa katika pindo la kanga. Ndoa yao ilikuwa ya miaka mingi, na mtoto hakuwa amekuja, na jambo hilo pia hawakulizungumza. Halafu jioni, akiwa jikoni, Mwamvua alimsikia mumewe nyuma ya ua akizungumza na mbwa. Alikuwa akimwambia taratibu, kwa sauti asiyoijua: "Usiogope. Hakuna atakayekufunga tena. Mimi nipo, babu, mimi nipo."

Mbwa alipewa maneno hayo, yeye hakupewa.

Walipomaliza kula pale Mahameni jua lilikuwa la utosi. Upepo ukakatika ghafla, kama mtu aliyefunga dirisha. Mwamvua akasikia harufu ya udi. Alitazama huku na huku, maana hapakuwa na nyumba yenye watu wala chetezo, na chini ya ile harufu kulikuwa na nyingine, ya chokaa mbichi, ya ukuta uliokaa muda mrefu bila jua. Karafuu akatoka uvunguni kwa mara ya kwanza. Hakubweka. Alisimama anatetemeka, manyoya ya mgongo yamesimama, akiutazama ule mlango usio na paa. Kisha akalia mlio mmoja mwembamba, akakimbia vichakani akiburuta kamba laini aliyovishwa kwa ajili ya safari.

"Mwache, atarudi," alisema Mwamvua.

"Kamba itanasa," alisema Hatibu, naye akamfuata, na kanzu yake ya Idi na kofia kichwani.

Walimsikia akiita, "Karafuu! Karafuu!" mara karibu, mara mbali, mara kama yuko ndani ya kisima. Kisha hawakusikia kitu. Uweso akaita. Bi Mwatumu akasimama akaita kwa sauti ya mama. Wakati Mwamvua ameshaanza kufunga kanga kiunoni ili aende mwenyewe, Hatibu akatokea, si kule alikoingilia bali upande wa ule mlango, anatembea taratibu, kanzu haina hata mwiba.

"Mbwa kapotea," alisema, akatabasamu. "Twendeni nyumbani."

Alipofika garini hakupanda upande wa usukani. Alisema mkono umeteguka, Uweso aendeshe. Akakaa nyuma na wanawake, akamkalia Mwamvua karibu, na njia nzima hadi Ngamiani alimwuliza hili na lile, kama mgeni aliyefika mji mpya.

*

Siku zilizofuata zilikuwa siku nzuri kuliko zote alizowahi kuishi Mwamvua, na hilo ndilo lililomwumiza baadaye kuliko hofu yenyewe.

Hatibu alimwomba tajiri ruhusa kwa ajili ya mkono, akakaa nyumbani, na Uweso akaendesha lori badala yake. Alizungumza. Alimwita mwandani wangu. Jioni aliketi naye ukumbini, akasema, "Nikumbushe siku ya harusi yetu," naye Mwamvua akamsimulia, kuhusu mvua iliyonyesha, na kungwi aliyeteleza na sinia la halua. Wakacheka mpaka Bi Mwatumu akacheka chumbani kwake. Kesho yake, "Nikumbushe nilivyokuja kuposa." Keshokutwa, "Nikumbushe baba yangu alikuwa mtu wa namna gani." Mwamvua alifurahi kuulizwa. Mwanamke aliyekaa na kiu miaka yote hiyo hakagui kata ya maji kabla hajanywa.

Ila mambo madogo yalikuwapo. Hatibu hakufungua mlango. Alifika mbele ya mlango wenye komeo la chuma akasimama, mikono nyuma, akisema kwa upole, "Nifungulie, mwandani wangu." Hakushika kisu wala ufunguo. Dereva yule aliyependa kushika vyuma hata akiwa mapumzikoni hakwenda kulitazama lori hata mara moja. Kicheko chake kilikuwa kizuri, lakini kilikuwa kimoja, urefu uleule, na mwisho uleule, kama kengele ya shule. Na harufu ya udi ilimfuata, na Mwamvua hakuwa amewasha udi.

Adhuhuri ilipofika aliingia chumba cha nyuma, akausukuma mlango ujirudie, akakaa humo gizani, akasema anapumzika. Siku moja Mwamvua alipita na ndoo akamsikia anasema. Akasimama. Sauti ya ndani ilikuwa inasimulia harusi: mvua, kungwi, sinia la halua. Ilikuwa inasimulia kwa maneno ya Mwamvua mwenyewe, neno kwa neno, na pale alipokohoa yeye katikati ya maelezo, sauti nayo ilikohoa.

Aliweka ndoo chini polepole ili isilie. Akarudi jikoni, akakaa mbele ya moto. Alijiambia kuwa mume anayerudia maneno ya mkewe ni mume anayempenda. Usiku ule hakumkataa, kama ambavyo hakumkataa siku zilizotangulia.

Mwezi wa Idi ulikuwa unaelekea kwisha Karafuu aliporudi.

Ilikuwa alasiri. Mwamvua alikuwa anachambua mchele nyuma ya ua alipoona kitu kinajikokota uchochoroni. Mbavu zilikuwa zinahesabika, na nyayo zimechanika, zinaacha damu vumbini. Mdomoni alikuwa ameng'ata kitu cheupe kilichochafuka. Alikiweka miguuni pake, akalala ubavu, akamtazama.

Ilikuwa kofia. Mwamvua alikuwa ameidarizi kwa mkono wake mwenyewe, kwa ajili ya Idi hii; aliijua kila tundu. Kwenye ua moja la nakshi upande wa kushoto alikosea, akaruka shimo, akaona uvivu kufumua. Kosa lilikuwapo hapo, upande wa kushoto, limejaa mchanga.

Aliingia ndani. Kofia ya Hatibu ilikuwa inaning'inia kwenye kigingi ukumbini, safi. Akaigeuza. Kosa lilikuwapo pia, shimo lileile lililorukwa, ila lilikuwa upande wa kulia, kama vile mtu alidarizi huku anaitazama ya kwanza kwenye kioo.

"Unatafuta nini, mwandani wangu?"

Alikuwa amesimama nyuma yake. Mwamvua hakuwa amesikia mlango.

"Mbwa karudi," alisema.

Hatibu akaenda hadi mlango wa ua, uliokuwa wazi. Karafuu alipomwona, yule mbwa asiyeweza hata kusimama, aliinuka, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta, akajikojolea, akalia kwa sauti iliyofanya kuku wote wa jirani wanyamaze. Bi Mwatumu akatoka chumbani na tasbihi yake.

"Muueni," alisema Hatibu, kwa upole uleule. "Ana kichaa. Mwiteni mtu amuue."

Akageuka, akarudi chumba cha nyuma. Bi Mwatumu alibaki amesimama, anamtazama mbwa, kisha chumba kile, kisha mbwa. Aliyemchukia mnyama yule kuliko wote alikuwa yeye. Akamsogelea Mwamvua hadi midomo ikakaribia sikio.

"Hatibu alipokuwa mdogo," alinong'ona, "kifaranga kilikufa mkononi mwake, akalia mpaka akapata homa. Mwanangu hawezi kusema maneno yale." Akaikunja tasbihi kiganjani. "Mwamvua, nani yumo ndani ya nyumba yangu?"

*

Bi Semeni alikaa kando ya barabara ya Horohoro, nyumba ya makuti yenye mbuzi wengi kuliko watu. Alikuwa Mdigo, mnene, mcheshi, na alipowapokea alikuwa anamnywesha maji mbuzi mgonjwa kwa chupa. Watu wa upande ule walimjua kwa mambo ya pepo tangu mama yake. Bi Mwatumu alimjua kwa ujamaa wa ndoa.

"Shikamoo, Bibi," alisema Mwamvua.

"Marahaba, mwanangu. Zungumzeni, mbuzi haniachi niwaangalie, lakini nasikia."

Wakamwambia yote. Uweso aliyewaleta na lori aliinamisha kichwa muda wote, kwa kuwa yeye ndiye aliyechagua mahali. Mwamvua alipofika kwenye kofia, Bi Semeni aliiweka chupa chini.

"Pale pana mwenyeji," alisema. "Mji ulipohamwa yeye alibaki. Hana ubaya wa kunyonya damu za watu, hapana. Ana upweke. Mmekwenda kupika mlangoni kwake bila hodi, akasikia mnacheka, akala tonge lake kimya kimya, akapenda. Sasa hakuiba, mnielewe. Amebadilisha. Amemkalisha mumeo katika nyumba yake, naye amekaa katika ya mumeo."

"Yu hai?" aliuliza Bi Mwatumu.

"Kama hajala cha kule, yu hai. Mtamfuata kesho, jua la utosi, saa ileile. Mbwa atamjua alipo. Nyinyi macho yenu yatadanganywa, pua yake haidanganyiki. Mnifungie yule chumbani kwa komeo la chuma. Halitamzuia, litamchelewesha." Akamgeukia Mwamvua. "Atakayeingia ni wewe peke yako. Piga hodi. Usile, usijibu utakaloulizwa, mshike mkono utoke naye. Mimi nitakuwa nje nasoma." Akamtazama kwa muda, ucheshi umemtoka. "Lakini niambie kitu, mwanangu, na usinijibu mimi, jijibu mwenyewe. Unamtaka yupi? Maana wapo waliofika mlangoni pale wakasita."

Mwamvua alitazama mikono yake.

Jioni ile yule aliyekuwa nyumbani alimwambia, "Nikumbushe mandari yetu," naye akajisikia anaanza kusimulia, kwa mazoea, kwa utamu, na machozi yakamtoka. Akataka kuyafuta haraka. Yule aliyapokea kwa kidole, akayatazama kama mtu anayejifunza kitu kipya.

*

Siku ya pili, jua likipanda, Mwamvua alimngoja yule aingie chumba cha nyuma, akamwambia wanakwenda mazishini, akalisukuma komeo la mlango kwa nje. Kutoka ndani sauti ilisema, bila hasira, "Nifungulie, mwandani wangu." Aliisikia mpaka uchochoroni.

Karafuu alibebwa hadi Mahameni mapajani mwa Bi Mwatumu. Yule mama alikuwa amejitandika gunia, anasema ataoga akirudi, anamshika mbwa shingoni asiruke. Walipomtua mchangani, mbwa alitetemeka hata meno yakagongana. Alimtazama Uweso, akamtazama Bi Semeni aliyekwisha kukaa chini na chetezo chake, akalitazama lori kama anayeomba arudishwe uvunguni. Kisha akashusha mkia, akashusha kichwa, akaanza kwenda.

Mwamvua akamfuata, na jua likiwa limesimama juu ya utosi wake, upepo ukakatika kama ulivyokatika siku ile, na sauti ya Bi Semeni ikisoma ikawa inapungua nyuma yake kama iko ng'ambo ya maji, akapita ukuta wa kwanza na wa pili, akapita kisima kilichojaa majani, na kila alipokanyaga harufu ya udi ilizidi, na chini ya udi ile chokaa, mpaka akafika mbele ya ule mlango usio na paa, akaona kwamba ndani yake kulikuwa kumefagiwa, mchanga una mistari ya ufagio, mkeka umetandikwa, na juu ya mkeka, ameketi akiutazama ukuta, kichwa wazi, kanzu ya Idi imechakaa, alikuwapo Hatibu.

"Hodi," alisema. Sauti yake haikuzidi pumzi.

Hakuna aliyeitika. Mbele ya Hatibu palikuwa na sahani ya wali uliokauka, mweupe kama changarawe, haujaguswa. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Karafuu aliingia akitambaa kwa tumbo, huku analia, akaweka pua kwenye goti lake.

"Mwandani wangu."

Sauti ilitoka nyuma ya Mwamvua. Yule mwingine alikuwa amesimama mlangoni, kanzu safi, kofia safi, mikono nyuma.

"Umenifungia," alisema. "Nikakusamehe, nikaja. Mtazame huyo. Hajawahi kukuuliza kitu. Hajui ulilia wapi siku ya harusi. Mimi najua. Nikumbushe, Mwamvua, alikuambia neno gani jema, nami nitaondoka."

Na hapo Mwamvua, aliyeambiwa asijibu, alilitafuta neno moyoni mwake, akatafuta katika miaka yote, katika kila jioni ya kula na kulala, naye yule mlangoni anangoja kwa subira na uso wenye huruma, uso alioupenda, na mkono wake Mwamvua ambao ulikuwa umenyooka kumwelekea yule aliyeketi ukaanza kushuka, polepole, bila yeye kuuamuru, na angeushusha wote, wallahi angeushusha, kama Hatibu aliyeketi asingeinua kidole kimoja, akakipeleka kwa shida kama mtu anayeinua jiwe, akakiweka juu ya shingo ya mbwa aliyekuwa anatetemeka.

Hakusema kitu. Alimgusa tu, pale penye kovu la kamba.

Mwamvua akamshika mkono. Ulikuwa baridi, mkavu, wenye sugu za usukani. Akamvuta, naye Hatibu akasimama. Walipita mlangoni wote watatu, bega lake likapita karibu na bega la yule mwingine, akasikia hana joto wala pumzi, ni harufu tu. Yule hakuwazuia. Akacheka kile kicheko chake, urefu uleule, mwisho uleule. Kisha akasema kwa sauti ya chini, kama anayeagana na mgeni barazani:

"Nenda naye. Nilichokupa nimekupa."

*

Bi Semeni alikaa Ngamiani hadi nyumba iliposafishwa. Alifukiza kila chumba, akapigilia misumari kwenye vizingiti, akamwita mwalimu wa chuoni pamoja na vijana wake wakasoma hadi alfajiri. Ile kofia ya pili waliitafuta wasiione; kwenye kigingi palibaki unga wa chokaa. Alipokuwa anafunga vitu vyake alimvuta Mwamvua jikoni.

"Kuna chake chochote kilichobaki kwako?"

"Hakuna, Bibi."

"Sawa." Alimtazama. "Ukikiona, nijulishe."

Hatibu alikaa wiki nyingi bila kusema. Alikula uji, akalala, akaketi na mbwa. Siku moja Mwamvua alikuwa anamkanda miguu, akasikia sauti yake imekwaruza, kama bawaba yenye kutu.

"Kule nilikuwa nasikia," alisema. "Kila jioni. Kama ukuta mmoja tu uko kati. Nilikuwa nasikia ukicheka."

Mwamvua aliinama, hakuweza kuinua uso.

"Sikuwahi kukuchekesha," akasema Hatibu. "Nilikuwa nakaa pale najiambia, nikitoka nitamwuliza. Sasa nimetoka, sijui linaanza vipi, swali."

"Linaanza hivyohivyo," alisema Mwamvua, huku analia.

Walikuwa wamekwisha kuanza kujifunza, kwa shida, neno moja leo na jingine kesho, tumbo lilipoonekana. Majirani walikuja na vigelegele: baada ya miaka yote hiyo! Bi Mwatumu alishukuru kwa sauti kubwa, kisha akaingia chumbani, akafunga mlango, wala hakutoka hadi magharibi. Hatibu hakuuliza. Usiku ule aliweka mkono juu ya tumbo, akauacha hapo mpaka asubuhi.

Mtoto alizaliwa wa kike, mzima, mzuri, mwenye macho makubwa. Hakulia. Mkunga alimpiga kidogo mgongoni, naye akamtazama tu. Hatibu ndiye aliyemwadhinia sikioni, yeye ndiye aliyempa jina, akamwita Sabiha, akaliandikisha jina lake mwenyewe kama baba.

Baada ya arobaini walianza kumlaza ukumbini mchana penye hewa. Adhuhuri moja Mwamvua alikuwa anakunja nepi alipoona mtoto amegeuza kichwa kuelekea mlango wa mbele, uliokuwa wazi. Uchochoro ulikuwa mtupu na jua lilikuwa juu ya utosi. Sabiha alitazama pale mlangoni, juu kidogo, kimo cha uso wa mtu, akatabasamu. Halafu mtoto ambaye hakuwahi kutoa sauti alicheka, kicheko cha urefu mmoja, na mwisho wake Mwamvua aliujua kabla haujafika.

Nepi zikamdondoka.

Hatibu alikuwa ameketi pembeni anatengeneza taa. Aliiweka chini. Hakumtazama mkewe. Aliinuka, akaufunga mlango kwa komeo, akaburuta kiti chake, akakiweka katikati, kati ya mtoto na mlango, akaketi akiupa mlango uso. Karafuu, ambaye hakuruhusiwa kuvuka kizingiti tangu aje, aliingia kupitia ua na hakuna aliyemfukuza. Alikuja kulala juu ya miguu ya bwana wake. Alikuwa anatetemeka mwili mzima. Lakini hakuondoka.

"Mchukue mtoto kifuani," alisema Hatibu taratibu. "Mwimbie, asisikie."

Kwa nje, kwa sauti ya upole isiyo na haraka, mtu akapiga hodi.